Kundi la Mia Sita

Sanduku la zamani nililing'oa Jumanne, mjini Salto,
nyuma ya mlango wa chumba cha mafagio.
Rangi ya meno ya mvuta tumbaku,
zito kama ndama aliyezaliwa mfu,
na kila waya umefungwa kikaratasi,
mwandiko wa Nélida, wino wa buluu:
Ghala. Chanjo. Mwenyekiti, hapokei.
Huu usiuguse. Ukiugusa, Melo inakatika.

Ushirika una matawi matatu na shina hauna:
Salto kando ya mto, Durazno katikati,
Melo mashariki, ambako Kihispania kinalegea
na kuanza kuwa Kireno.
Simu ikilia Salto saa ya chakula,
ililia hadi ikachoka,
na kule Melo watu watatu wameketi
wakipokezana kibuyu cha chai chungu,
hawana habari.

Kazi yangu, basi, haina maneno mengi:
ikikosa mtu huku, na ilie kule.
Mashine inaliita kundi. Nikalipa namba, mia sita.
Walicheka. Kundi wanalolijua wao
lina kwato, linahesabiwa langoni jioni,
na akipungua mmoja
mtu anatoka na tochi.

Mashine huuliza ambayo watu hawaulizi.
Zilie zote pamoja, au kwa zamu?
Nani aanze?
Mtu asubiri sekunde ngapi
kabla hujampa mwingine?
Nilimsomea Nélida. Hilo la mwisho
lilimfanya avue miwani.
"Ishirini ni dharau," alisema.
"Kumi na tano, hujampa mtu nafasi ya kufuta mikono.
Andika kumi na nane."
Nikaandika kumi na nane.

Wiki ya kwanza, vurugu.
Mzee Larralde, ng'ombe wake wanatoka povu,
alipiga Salto akapokelewa na Melo.
Akakata. Akapiga. Akakata.
Mara ya nne akauliza:
"Nimekosea namba, au Nélida amefariki?"
"Mzima, bwana. Ana mteja kaunta.
Ngoja nikurushie."
Nusu ya nchi, vibonye viwili.

Huyo alikuwa Walmir, mia sita na tatu.
Nélida hajawahi kumwona.
Anakijua kitaa chake tu, kwenye simu yake mpya:
kinapepesa mara mbili, kinatulia.
Daima mbili. Wa Durazno hufika tano, sita,
na kuna mmoja huko, jina nalihifadhi,
hungoja kumi na saba.

Agosti, kitaa kilipepesa
na kupepesa
na kupepesa, kisha simu ikaja kulia Salto.
Siku ya kwanza alinyamaza. Ya pili
akapiga Durazno, akaambiwa:
wamemzika mama yake, Aceguá, kwenye matope.

Mimi nilikuwa nyumbani, namenya viazi.
"Bwana Brum, hizo kumi na nane za Melo,
zinaweza kuwa ngapi?"
Hata sifuri, nilimwambia.
Zitalia kwako na kwake kwa pamoja.
"Sifuri basi."
Kwa muda gani?
"Nitakwambia."
Nikafuta mkono kwenye suruali, nikabonyeza.

Kwa hiyo, siku sita alipokea mlio wa kwanza.
Bei za dawa ya kupe, kwa lafudhi ya mpakani.
Mwanamke mmoja alimwita Walmir kwa mazoea,
akaitika.

Siku ya saba simu ililia,
mkono wake ukaondoka mezani,
mlio wa pili ukakatika katikati.
Kitaa: chekundu, kimetulia.
Mkono ulibaki hewani kidogo,
halafu ukarudi kwenye chupa za chanjo,
na ilibidi aanze kuhesabu upya.

Sijaambiwa nirudishe.
Nikiingia kukagua, naiona:
Salto kumi na nane, Durazno kumi na nane,
Melo sifuri.
Naiacha.